Diski zangu "zimesagika": je, nitapooza?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 43, ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina watoto watatu. Tangu mwezi wa nne kiuno kinaniuma, hasa nikiamka asubuhi na nikikaa sana kwenye cherehani. Maumivu yanashuka hadi tako la kushoto, hayaendi mguuni. Kikundi chetu kilinichangia hela nikaenda kupiga picha ya MRI Dar. Aliyenisomea majibu alisema diski mbili za chini kabisa zimekauka maji, na moja imetokeza nyuma kidogo ila haijagusa neva. Akasema pingili zimesagika, nisiiname, nisibebe ndoo, na kazi ya kukaa niiache. Huu mwezi wa pili sijashona, binti yangu ndiye anayechota maji. Jirani ananiuzia unga wa kurudisha ute wa mgongo, kopo moja shilingi 80,000. Mume wangu anataka tuuze kiwanja twende India. Mimi nilianza kubeba maji kichwani nikiwa na miaka 7. Je, ndiko nilikojiharibia? Na uniambie ukweli: nitapooza?"

Marahaba, dada yangu, na pole sana.

Nianze na swali la mwisho, maana naamini ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana. Katika yote uliyoniandikia sioni kinachoelekea kwenye kupooza. Uti wenyewe, ile kamba ya mishipa ya fahamu inayoteremka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Diski zako mbili, vile vipande vya kati ya pingili na pingili, ziko chini ya hapo. Huko chini hakuna uti tena. Kuna fungu la neva zilizoning'inia kama njiti za ufagio wa chelewa, zinaelea kwenye maji na zina nafasi ya kusogea. Ipo hali moja, tena nadra, ambapo neva hizo hubanwa zote kwa pamoja, na dalili zake nitakutajia huko mbele ili uzijue. Lakini wewe umesomewa kwamba hakuna hata neva moja iliyoguswa, na maumivu yako hayavuki tako.

Sasa nina ugomvi na neno moja: kusagika. Mahindi ndiyo husagika. Yakishapita kwenye mashine hayarudi kuwa mahindi, na ukiyapitisha tena unga unazidi kuwa laini. Mgonjwa akiambiwa pingili zake zimesagika, picha inayomjia ni hiyo: kila akiinama mawe yanazunguka, kila ndoo anayobeba inaondoka na unga kidogo, na siku moja hakutabaki kitu. Nani hataogopa? Mimi mwenyewe nililitumia sana neno hilo nilipokuwa daktari kijana, kwa sababu ni fupi na foleni nje ya mlango ilikuwa ndefu. Nililiacha baada ya kumwona mama mmoja kliniki. Khanga yake ilianguka sakafuni, naye alikaa anaitazama kama imeangukia kisimani. Alipojaribu kuiokota alishuka wima, mgongo umekakamaa, mkono mmoja umeng'ang'ania meza yangu, pumzi ameizuia. Nikamuuliza, "Ulipoanza kushuka ulikuwa unaumwa?" Akasema, "Hapana, ila niliambiwa zimesagika." Alikuwa na miaka 38.

Hakuna kilichosagwa kiunoni mwako. Kama nyumbani mnapika supu ya mkia wa ng'ombe, siku moja kabla hujaubandika jikoni chukua kipande kibichi ukitazame. Kati ya pingili na pingili utaona kitu cheupe, kimeshikana na mfupa juu na chini. Jaribu kukichomoa kwa vidole. Hakitoki. Muuza bucha anayeijua kazi yake hapigi shoka ovyo. Anapapasa mpaka aupate ule weupe, anapitisha kisu hapo, na bado lazima akiegemee. Hiyo ndiyo diski. Ya kwako haina tofauti kubwa na ya ng'ombe, ndiyo maana watafiti wa mgongo wanazitumia za mkia wa ng'ombe kwenye maabara zao. Basi siku mtu akikwambia diski "imechomoka" au "imehama", kikumbuke kile kisu.

Wewe una diski 23, kuanzia shingoni hadi pale mgongo unapokalia mfupa wa nyonga. Kila moja nje ina pete ngumu yenye tabaka kama 15 hadi 25 za nyuzi. Tabaka moja nyuzi zimelala mshazari kwenda kulia, linalofuata zimelala kwenda kushoto, mfano wa milala kwenye mkeka, na ndiyo sababu pete hiyo inavumilia kupindwa huku na huku bila kufumuka. Ndani ya pete kuna kiini kinachoteleza kama mlenda. Huo ndio "ute" anaouongelea jirani yako. Kwa mtoto mchanga karibu asilimia 90 ya kiini ni maji, na kinachoyashika ni protini kubwa zilizobeba minyororo ya sukari, zinavuta maji kama kunde ulizoloweka usiku.

Mchana, uzito wa mwili unaikamua diski kidogo kidogo. Usiku ukilala inayanywa maji tena. Ndiyo maana mtu huamka mrefu kuliko alivyolala, kwa sentimita 1 hadi 2 hivi, na sehemu kubwa ya kimo hicho huondoka saa ya kwanza baada ya kusimama. Usiniamini bure, futi ya kushonea unayo. Kesho ukitoka kitandani mwambie binti yako akupime ukutani, na jioni kabla ya kulala akupime tena. Hapo pia kuna jibu la kwa nini asubuhi ndiyo saa yako mbaya. Diski imejaa, imekaza, na ukiinama sana wakati huo unaivuta pete ikiwa imetuna. Maumivu hayo ya asubuhi yanaweza kuwa dalili kwamba diski zako bado zinakunywa.

Kwa nini basi zinakauka na umri? Diski ndiyo sehemu kubwa kuliko zote mwilini isiyo na mishipa ya damu. Utotoni kulikuwa na vimishipa vidogo kwenye bamba la gegedu linaloitenga diski na mfupa. Vimishipa hivyo hufifia taratibu, na tukifika utu uzima vimekwisha. Kuanzia hapo chakula na oksijeni lazima vipenye kwenye bamba hilo, polepole, kama maji yanavyopenya kwenye mtungi. Seli zilizoko katikati ni chache na zinaishi kwa kubana matumizi. Miaka inavyokwenda protini zinazotengenezwa zinazidiwa na zile zinazovunjika. Protini zikipungua, maji nayo hayana pa kushika. Kwa wazee kiini hubaki na maji ya karibu asilimia 70. Mlenda unakuwa mzito na wenye nyuzi. Rangi inatoka kwenye weupe kwenda njano, kisha kahawia, kwa kemia ya jamii ileile inayoipa chapati rangi yake, sukari kushikana na protini. (Mwenye kisukari kisichodhibitiwa anaiharakisha kemia hiyo mwili mzima, diski zikiwemo.) Na haya hayasubiri uzee. Mabadiliko ya mwanzo huanza kuonekana hata kabla mtu hajatimiza miaka 20.

Kiini kikipungua nguvu, pete inabeba zaidi. Inatokeza pembeni kama mto uliokaliwa muda mrefu, inapata nyufa ndogo, kimo cha diski kinapungua, na vile viungo vidogo vya nyuma ya mgongo vinachukua sehemu kubwa zaidi ya mzigo. Mfupa nao unaota kingo. Kwa baadhi ya watu wa miaka 60 na kuendelea mambo haya yakikutana hupunguza nafasi ya neva, na mzee anakuwa wa kutembea kidogo tu miguu inakuwa mizito, lakini akiinamia toroli au mpini wa baiskeli anapata nafuu. Huo ni ugonjwa mwingine, si wako, nimeutaja kwa sababu najua kuna atakayesoma hapa na kumkumbuka baba yake. Na kukauka kuna upande wake wa heri pia. Diski kupasuka na kiini kumwagika juu ya neva, ile inayochoma mguu mzima kama pilipili, hutokea zaidi kati ya miaka 30 na 50, wakati mlenda bado ni mlenda. Ukishakauka hauvuji kirahisi.

Sasa tuiweke MRI yako mahali pake. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizopiga picha migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 40, asilimia 68. Kwa wenye 80, asilimia 96. Diski iliyotokeza, kama hiyo yako? Nusu ya watu wa miaka 40. Yaani ukipanda daladala kutoka Msamvu iliyojaa watu wa rika lako, nusu yao wana picha kama yako na wamekaa wanachezea simu. Mimi mwenyewe nilijilaza kwenye mashine ya MRI wakati mafundi walioifunga hospitalini kwetu walipotafuta mtu wa kuijaribia. Diski tatu nyeusi, moja imetokeza kuliko yako. Nilikuwa na miaka 51, na wikendi iliyotangulia nilikuwa nimelima robo eka kwa jembe la mkono. Kama ningepigwa picha hiyo siku kiuno kinauma, hakuna ambaye angenizuia kuilaumu.

Nisikudanganye kwa upande wa pili, lakini. Diski inaweza kuuma. Sehemu ya nje ya pete ina neva, na diski ikipata nyufa neva mpya zinaweza kuota kuelekea ndani, pamoja na kemikali za uvimbe zinazozichokoza. Tafiti pia zinaonyesha kwamba kwa watu wasiofika miaka 50, diski zilizochakaa huonekana mara nyingi zaidi kwa wenye maumivu kuliko kwa wasio nayo. Kwa hiyo picha yako si ya kutupa. Ila haiwezi kutuambia kama kinachouma ni diski hiyo, au kiungo cha nyuma yake, au misuli iliyochoka kuinamia mashine, na kwa bahati njema matibabu ya mwanzo ya vyote vitatu ni yaleyale.

Je, ndoo za utotoni? Mwaka 1995 watafiti huko Ufini walichapisha kazi waliyoifanya kwa jozi 115 za wanaume mapacha wa kufanana, ambao baadhi yao maisha yao yalitofautiana: mmoja kazi za nguvu, mwenzake za kukaa. Wangetegemea yule wa mizigo awe na mgongo uliochakaa vibaya. Migongo ya mapacha ilifanana kupita walivyotarajia. Mchango wa kazi nzito ulikuwa mdogo. Mchango wa damu na malezi waliyoshiriki ulikuwa mkubwa mara nyingi zaidi. Mama yako na bibi yako wameandika kwenye diski zako kuliko ndoo. Kuhusu kubeba kichwani hasa, nina furaha kukuambia kwamba mwaka 1986 wanawake wa Kikikuyu na Kijaluo walipimwa pumzi wakitembea na mizigo, ikaonekana wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu ya ziada. Wanajeshi wenye mabegi mgongoni hawawezi hilo. Bei inalipwa shingoni: watu waliobeba mizigo mizito kichwani miaka mingi wakipigwa picha, pingili za shingo huonyesha mabadiliko zaidi. Kiuno chako hakimo kwenye kesi hiyo. Na binti yako umri wake sijui, lakini kama ameanza kubeba ndoo nzima ya lita 20, mpunguzie kwa ajili ya shingo yake.

Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako ni hii miezi miwili ya kukaa bila kazi. Diski inataka kukamuliwa na kuachiwa, kukamuliwa na kuachiwa, kama dodoki. Wanaanga wakikaa huko juu ambako hakuna uzito hurefuka hata sentimita 5, inadhaniwa kwa sehemu ni diski kuvimba kwa kukosa wa kuzikamua, na wengi wao wanalalamika viuno. Misuli inayoushika mgongo wako nayo, miezi miwili bila kazi, imelegea. Kisha unajaribu kuinama siku moja, kinauma, unasema "kweli zimesagika," unarudi kukaa. Huo mzunguko nimeuona ukimla mtu mzima mzima, ilhali diski zake zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Kwa hiyo rudi kwenye cherehani. Si kesho kwa siku nzima. Wiki ya kwanza shona dakika 20, simama, tembea hadi mlangoni na kurudi, nyoosha mgongo kwa kuuegemeza nyuma mikono ikiwa kiunoni, kaa tena. Angalia kiti: mafundi wengi wanakalia stuli fupi, wanainama kuifuata sindano macho yakiwa karibu na kitambaa. Kiti kiongezwe mto mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, na taa isogezwe karibu ili kitambaa kisikuite. Kukata, kata juu ya meza inayofika kiunoni; kukatia sakafuni kuache kwa sasa. Wiki inayofuata ongeza dakika. Tembea kila siku, anza na dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Ndoo anza na nusu. Saa ya kwanza ya asubuhi usifue nguo wala usipige deki ya kuinama. Fanya kazi za kusimama mpaka mgongo ulegee, baada ya hapo inama kama watu wengine.

Kitauma? Mwanzoni ndiyo, kidogo. Maumivu yakipanda wakati wa kazi na kushuka ndani ya siku moja, huo ni mwili unaojizoeza upya. Yakikaa juu siku mbili tatu, punguza kipimo, usiache. Nenda pia idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na ukifika usiombe kulazwa kwenye kitanda cha kuvuta mgongo; omba ufundishwe mazoezi. Moja nakupa hapa: lala chali, magoti juu, nyayo chini, inua nyonga hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, hesabu hadi tano, shusha. Mara kumi, asubuhi ukishalegea na jioni.

Dawa za maumivu, hizi za kupunguza uvimbe kama ibuprofen na diclofenac, zinasaidia kwa kiasi, kwa siku chache, baada ya kula, na si mbili kwa pamoja. Ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au tatizo la figo usizinunue bila kuuliza. Nawaona watu wanaochomwa sindano ya diclofenac duka la dawa kila mwisho wa mwezi kama wanalipa kodi. Mgongo haupati kitu na figo zinalipa. Mkanda wa kiuno ni sawa kuvaa siku ya safari ya basi, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri usitumike kama tiba, na vivyo hivyo kuvutwa mgongo na dawa kali za jamii ya afyuni. Unachopendekeza ni elimu, mazoezi, kukandwa, msaada wa kisaikolojia kwa anayehitaji, na hizo dawa za uvimbe. Kukandwa ni raha na hukupa siku moja mbili za nafuu, basi zitumie siku hizo kutembea.

Unga wa jirani. Nimekwambia diski haina mishipa ya damu. Unga wa namna hiyo mara nyingi ni kolajeni, aina ya protini. Ukiila, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa, na vipande vyake havina anwani ya diski ya tano ya kiuno. Dawa nyingine inayouzwa sana kwa ajili ya "ute", glukosamini, ilijaribiwa Norwe kwa watu 250 wenye maumivu sugu ya kiuno na diski au viungo vya mgongo vilivyochakaa. Nusu walikunywa glukosamini, nusu kidonge kisicho na kitu, miezi 6. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha makundi yote mawili sawa. Na uwe mwangalifu zaidi na kopo lisilo na lebo ambalo linaondoa maumivu ndani ya siku mbili. Makopo ya namna hiyo yamewahi kukutwa yamechanganywa na steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe, na hizo zikitumiwa miezi mingi zinamomonyoa mfupa wenyewe. Hapo ndipo utasagika kweli. Shilingi 80,000 nunua kiti kizuri.

India, basi. Upasuaji wa mgongo una kazi yake, na wanaoufanya wapo hata hapa nyumbani, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwemo. Huhitaji kuuza kiwanja ili kupata maoni ya daktari wa upasuaji. Unasaidia zaidi pale diski inapobana neva na mguu unauma kuliko kiuno. Hata hapo haraka si lazima: karibu theluthi mbili ya diski zilizomwagika hunywea zenyewe, seli za kinga huzila kipande kwa kipande. Uholanzi waliwagawa wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakasubiri. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, na hilo si dogo kwa mtu asiyelala. Baada ya mwaka mmoja makundi yalikuwa sawa. Matokeo hayo yalitoka 2007. Kwa maumivu ya kiuno peke yake, yenye diski zilizokauka bila neva iliyobanwa, kuunganisha pingili kwa vyuma hakujaonyesha faida ya wazi kuliko mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri. Kukipandisha kiwanja kwenye ndege kwa picha kama yako, mimi nisingekishauri hata kwa dada yangu wa tumbo moja.

Sasa zile dalili nilizokuahidi. Ukipata ganzi kati ya mapaja mawili na kuzunguka njia ya haja, pale panapogusa tandiko la baiskeli, au mkojo ukagoma kutoka, au ukatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo, utamke wazi bila aibu kwamba huhisi sehemu za siri, kwa sababu hapo saa zinahesabika. Mguu mmoja unaozidi kuishiwa nguvu, unaokokota kandambili, nao unahitaji kuonwa ndani ya siku chache.

Kuna jingine ambalo kwetu hatuwezi kuliruka. Maumivu ya mgongo yasiyopungua hata ukilala, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda bila sababu, au nundu inayojitokeza mgongoni: hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Hakihitaji uwe unakohoa. Kinakula pingili mbili jirani na diski iliyo katikati yake, na kikicheleweshwa hicho ndicho kinachopoozesha watu. Dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure na zinaponya. Kwa wanaokunywa maziwa mabichi au kuhudumia mifugo ipo pia bruselosi, inayopenda sana kiuno. Mwenye historia ya saratani, aliyeanguka kutoka juu, anayetumia steroidi muda mrefu, au anayeishi na VVU mwenye dalili hizo, apimwe mapema. Na kijana ambaye mgongo humkakamaa kila asubuhi zaidi ya nusu saa, humwamsha usiku wa manane, na hupata nafuu akijishughulisha kuliko akipumzika, huyo si wa diski. Amwone daktari wa viungo.

Kwenye barua yako sijaona hata moja ya hizo, lakini mimi nimekusoma tu, sijakugusa. Kwa hiyo kabla ya kuanza, pita hospitali ya mkoa upimwe nguvu za miguu na mishtuko ya magoti kwa kile kinyundo kidogo. Ni kazi ya dakika kumi na haihitaji MRI nyingine. Mume wako akubaliane kukiacha kiwanja kwa sasa, na barua hii umsomee yote, asije akaishia kwenye aya ya India.

Niandikie tena baada ya wiki 6. Picha mpya sitaki. Nataka kujua umeshona magauni mangapi, na futi ilisoma ngapi asubuhi na ngapi jioni.